Kushirikisha mafaili kati ya kompyuta ya Windows 7 na ya Windows 11 nyumbani

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyomfanyia shangazi yangu wa Nkuhungu, Dodoma, ambaye huandika na kuhariri nyaraka za wateja kwenye kompyuta ya zamani ya Windows 7, huku laptop yake mpya ikiwa na Windows 11.

1. Unganisha kompyuta zote mbili kwenye ruta moja, na kama una kebo, tumia kebo. Hata kadi ya zamani ya megabiti 100 hupitisha takribani megabaiti 12 kwa sekunde bila kuyumba, jambo ambalo Wi-Fi haiwezi kukuhakikishia nyumba ikiwa na kuta nene.

2. Kwenye laptop, weka mtandao huo kuwa wa binafsi, kisha shirikisha folda unayoitaka.

3. Hatua ya akaunti ndiyo inayowakwamisha wengi. PIN unayofungulia laptop haikubaliki kupitia mtandao, na akaunti isiyo na nenosiri hukataliwa pia. Fungua akaunti ya ndani ya laptop yenye nenosiri, uiite kwa mfano «kazi», uipe ruhusa kwenye folda ile, na Windows 7 itakapouliza, andika jina la laptop, alama ya \, kisha kazi. Wapo watakaokushauri uwashe SMB1, yaani toleo la kwanza la SMB, utaratibu ambao Windows hutumia kushirikisha mafaili mtandaoni. Tafadhali usifanye hivyo, kwa sababu ndiyo njia iliyotumiwa na kirusi cha WannaCry kusambaa Mei 2017, na Windows 7 haiihitaji kwa kuwa inayo SMB 2.1. Inayoitegemea ni Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014. Kompyuta ya namna hiyo ihamishie nyaraka zake kwa flashi na usiiweke mtandaoni kabisa. Kumbuka tu kwamba flashi iliyoumbizwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4.

4. Laptop isipoonekana kwenye orodha ya mtandao, usihangaike, kwani orodha ya zamani iliitegemea SMB1 hiyohiyo. Fungua Command Prompt kwenye laptop, andika ipconfig upate anwani yake ya mtandao (IPv4), kisha kwenye Windows 7 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike anwani hiyo kwa mfano hivi: \\192.168.1.20.

5. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uitengee laptop anwani hiyo, la sivyo umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa nyingine.