Bastola haikai kwenye mkoba wa pipi

Akina mama wenzangu wa biashara za msimu wa korosho, mlio na bastola za kibali: msiziweke kwenye mkoba. Mkoba wa mama ndimo mtoto anakojua pipi na simu zinakaa. Uache kwenye kiti cha gari pale stendi ya Masasi ukanunue maji, ukigeuka keshaingiza mkono. Na kifyatulio mtoto wa miaka 3 anakiweza, anakibana kwa vidole gumba viwili.

Ivae mwilini, kwenye ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, na mkanda imara ndani ya dera. Siku ya kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga, miguu yake huja palepale kiunoni, kwa hiyo mimi siku hiyo siibebi kabisa.

Nyumbani, toa magazini, yaani kile kikasha cha risasi, kwanza, kisha vuta nyuma sehemu ya juu ya bastola uchungulie chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, maana wengi huisahau ile risasi moja iliyobaki. Bastola ifungiwe kwenye kasha la chuma, risasi zifungiwe kwingine, ufunguo ubaki kwako. Juu ya kabati si maficho. Hawa watoto wetu hupanda kabati kama mkorosho.