Besi: sikio kwanza ama thiori kwanza?

Wasee wa gitaa la besi, hili swali, tujifunze kwa kuskia ama kwa thiori ya muziki, haliishi na mimi msimamo wangu ni mmoja, sikio linatangulia, lakini thiori iingie mapema, isingoje mpaka ati ukomae. Hapa Nairobi wengi wetu tunapigia kanisani, na huko mwimbaji anaanza pambio bila kuambia mtu kii, yaani noti ya nyumbani ya wimbo, drams zimeshaingia, kibodi bado inamtafuta, wewe nawe uko na sekunde chache tu za kushika noti. Hakuna karatasi utapewa.

Kwa hivyo fanya hivi. Kabla uguse gitaa, imba. Tafuta ile noti wimbo ukiishia hapo unaskia umetulia, iimbe mdomo ukiwa umefunga, halafu itafute kwa uzi mnene, ule wa E, freti moja moja (zile chuma za kwa shingo ya gitaa) kutoka wazi mpaka ya 11, noti zote 12 ziko hapo, lazima utaipata. Hiyo ndo do yako.

Sasa thiori. Kama ulipita kwaya ya shule ama ya kanisa, do re mi unaijua tayari, na hiyo ni thiori kamili, usitishwe na mtu ati mpaka usome stafu, ile mistari mitano ya kuandikia noti. Besi ya nyuzi 4 inatyuniwa E A D G. Kwa mfano, weka do freti ya 3 kwa uzi wa A, hiyo ni C. Freti hiyo hiyo kwa uzi wa D ni fa, na freti hiyo hiyo kwa uzi wa E ni so ya chini, yaani do, fa na so zote ziko kwa freti moja! Ongeza la, ambayo ni freti 2 mbele ya hiyo so, na hapo mapambio mengi na benga nyingi utazishika. Wimbo ukibadilisha kordi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, usikimbilie gitaa, jiulize kwanza imeenda fa, so ama la, imba jibu, ndo upige. Mwenye hana thiori anatafuta kwa noti 12, wewe unatafuta kwa 4, na mara nyingi ya kwanza ndo hiyo.

Kuna mahali sikio peke yake linadanganya watu sana. Kibodi ikipiga do mi so, sikio linaweza kushika mi kama ndo inalia juu, unaipiga, na kordi inakosa kutulia, ingawa bado ni ya do. Ukiweka la chini ya hizo noti tatu, hiyo si do tena, imekuwa la maina seveni, kordi nyingine kabisa. Besi mara nyingi ndo inaamua kordi inaitwa nini, na hii nguvu inafaa uielewe na pia uiskie, kwa hivyo mwambie wa kibodi ashikilie do mi so mkiwa rehaso, wewe ubadilishe noti ya chini pole pole, do, la, fa, mi, na uskize kila moja vizuri.

Mazoezi usifanyie kwa spika ya simu. Uzi wa E ukiwa wazi ni kama 41 Hz na hiyo spika haifiki huko chini, unachoskia ni zile sauti za juu za hiyo noti tu. Vaa earphones. Ama ukiwa kwa mathree (matatu) ya Rongai na besi inatingisha viti, wacha maneno ya wimbo, fuata besi tu, uitaje moyoni, do, fa, so, mpaka ushuke.

Kusoma stafu kuna kazi yake, ukitaka okestra ama mitihani, na Kenya Conservatoire of Music iko hapa mjini tangu 1944. Jua tu besi huandikwa oktevu moja (kutoka do mpaka do inayofuata) juu ya vile inaskika.

Na mwimbaji akipandisha kii katikati, mara nyingi ni freti 1 ama 2, sogeza mkono wote na shepu yake, imba do mpya, endelea.