Kabla hujaamini kwamba mikrowevu imevuruga moyo wa chura

Nikipewa ripoti ya jaribio la mikrowevu (mawimbi ya aina ileile inayopasha chakula katika oveni) na mapigo ya moyo wa wanyama, hitimisho silisomi kwanza. Nakwenda moja kwa moja palipoandikwa elektrodi, yaani vipande vinavyogusa mwili kupokea umeme wa moyo, zilikuwa za nini. Kazi yangu ni kuwafunga panya waya maabara, na waya nausikiliza kwa shaka.

Waya wa chuma ukiwa ndani ya mawimbi hugeuka antena. Hukusanya nguvu, kisha ncha yake huingiza umeme kwenye msuli. Moyo ukibadili mwendo, aliyeushtua ni waya. Kwa hiyo tafuta elektrodi za kaboni zenye ukinzani mkubwa. Usipoziona, soma kwa jicho kali. Kipimajoto nacho kiwe cha nyuzi za kioo, maana cha waya kina ugonjwa uleule.

Halafu uliza joto. Mikrowevu hupasha mwili, na moyo uliopata joto huenda mbio, hilo halihitaji maelezo mapya. Katika wanyama wa maabara, wati 4 kwa kila kilo ya mwili huweza kupandisha joto la mwili kwa takriban nyuzi 1. Ripoti isiyotaja wati kwa kilo mimi huiweka kando.

Mnyama aliye macho ana jambo lake. Mikrowevu inayorushwa kwa vipigo vifupi husikika kichwani kama mlio wa kugonga. Mtafiti Allan Frey alilieleza hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Basi panya huenda ameshtushwa na mlio tu! Ukimlaza kwa dawa, angalia ni ipi: ketamini huharakisha moyo, zailazini huupunguza.

Frey huyohuyo na mwenzake, mwaka 1968, walichukua mioyo ya vyura iliyotolewa mwilini, wakairushia vipigo vya gigahezi 1.425 vilivyopangwa kufuata mwendo wa moyo wenyewe. Vilivyofika milisekunde 200 baada ya wimbi la P, mchomozo wa kwanza wa kila pigo kwenye mchoro wa umeme wa moyo (ECG), viliharakisha mapigo, na mioyo mingine ikapoteza mpangilio. Matokeo ya kusisimua, nakiri. Ila waliojaribu kuyarudia miaka ya 1970 hawakuyapata. Ndiyo maana ukikutana na jaribio moja linalotajwa kila mahali, tafuta kwanza nani alilirudia.

Mwisho kagua kundi la kulinganishia: chumba kilekile, feni ileile inavuma, mitambo ya mawimbi imezimwa, na anayehesabu mapigo kwenye karatasi ya ECG hajui mnyama yupi alipigwa mawimbi.