Linda gemu yako ya magari kabla hawajazima seva

Wakuu, kama unacheza gemu za magari zile za ramani kubwa, za kuzurura popote unapotaka, fanya hili jaribio leo leo, usisubiri tangazo. Chomoa intaneti kabisa halafu washa gemu. Usiishie kwenye menyu maana menyu nyingi zinafunguka fresh tu, we ingia mpaka barabarani, kimbia mbio moja umalize, zima, washa tena uone kama imekumbuka ulipofika. Ikigoma popote hapo jua gemu yako inaishi kwenye seva ya watu, yani kompyuta za kampuni ya gemu, siku wakizima na wewe umezimiwa, hata kama diski unayo mkononi.

Ndo kilichoikuta gemu ya The Crew. Kampuni ya Ubisoft waliitoa Desemba 2014, Marekani nzima imefinywa kwenye ramani moja, unatoka New York unakata nchi mpaka unatokea Los Angeles na hakuna sehemu unasimama kusubiri ramani ifunguke, yani raha tupu. 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na hata wale waliokuwa wanacheza peke yao wakafungiwa nje. Inauma sana hii.

Sasa kazi. Daunlodi kila ulichonunua, magari ya ziada na apudeti ya mwisho, kabla hakijaondolewa dukani. Kopi pia sevu zako za maendeleo, yani yale mafaili ya save yanayokumbuka ulipofika, kwenye Windows mara nyingi yako kwenye folda za Documents au AppData, weka nakala sehemu mbili na moja isikae kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Halafu rekodi, na hapa ndo wengi wanakosea, wanarekodi mbio tu. Washa OBS, programu ya kurekodi skrini, zima muziki wa redio ya gari video isije ikashushwa kwa hakimiliki, kisha nenda duka la magari la ndani ya gemu pitia gari moja moja taratibu, bei isomeke, spidi isomeke, fungua kila misheni uonyeshe zawadi yake. Vitu kama hivyo vinaweza kuwa vinatoka kwenye seva, kwenye diski havimo, na atakayekuja kuifufua gemu atavihitaji mno.

Ukiwa na uzoefu kidogo wa kompyuta tumia pia programu ya Wireshark, inanasa mazungumzo ya gemu na seva. Iwashe kabla ya gemu, fanya tendo moja moja, mfano nunua gari, na uandike saa uliyonunua. Mara nyingi data inakuwa imefungwa kwa siri ila bado inasaidia wataalamu. Usilimwage hilo faili hadharani lakini, linaweza kubeba funguo za akaunti yako!

Na kufufua kunawezekana kabisa. Need for Speed World ilizimwa Julai 2015, mashabiki wakajenga seva zao watu wakarudi barabarani. The Crew yenyewe ilirudi Septemba 2025 kupitia mradi wa mashabiki, The Crew Unlimited.

Mwenye The Crew 2 ana bahati, Oktoba 2025 iliongezewa modi ya kucheza bila intaneti. Ingia sasa hivi uhamishe maendeleo yako kwenda huko, ukimaliza chomoa intaneti urudie lile jaribio la mwanzo.