Kutengeneza vifuko vya chai nyumbani: anza na chembe, si karatasi

Watu wengi wakitaka kujitengenezea vifuko vya chai huanza kuhangaika na karatasi. Waanze na majani. Ukubwa wa chembe ndio unaoamua kifuko kiwe cha karatasi au cha kitambaa, kiwe na nafasi kiasi gani, na chai itoke vipi. Ukikosea hapo, hata mshono uwe mzuri namna gani hautakusaidia.

Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hutengenezwa kwa mashine za CTC, zinazoponda jani, kulichana na kuliviringa, ndiyo maana majani tuliyoyazoea ni vichembe vyeusi. Chai inayopita kwenye mnada wa Mombasa hupangwa kwa daraja: BP1 ina chembe kubwa, PF1 inaifuata, PD ni ndogo zaidi, na D1 ni karibu vumbi. Pakiti nyingi za dukani haziandiki daraja, kwa hiyo mimina kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe utazame. Chembe za ukubwa wa ulezi ni za kundi la BP1. Za ukubwa wa sukari ni PF1, na hizi ndizo zinazofaa zaidi kwa vifuko vya karatasi: hutoa rangi upesi, na hazipenyi nje. Zikiwa kama chumvi ya kusaga, hizo ni za chai ya kupika. Kwenye kitambaa zitapita zote.

Hata majani mazuri yana vumbi lake. Yapitishe kwenye chekecheke ya unga kabla ya kupima. Kinachoanguka chini usikitupe, kinafaa kwa chai ya maziwa ya sufuriani.

Kipimo cha kikombe cha mililita 200 ni gramu 2. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja haiwezi kupima gramu 2 kwa uhakika. Inaweza kukosea nusu ya kipimo. Pima gramu 20, kisha gawa mafungu kumi. Au ujue uzito wa kijiko chako: chota vijiko kumi vya kusawazisha kwa kisu, pima vyote pamoja, gawa kwa kumi. Kwa chembe za CTC kijiko kimoja cha chai hukaribia gramu 2, lakini vijiko havilingani, na D1 hulala kwa kushikana kuliko BP1. Fanya hesabu hiyo kila unapobadilisha majani.

Sasa karatasi. Inayofaa ni ya kuchujia kahawa, ile ya kahawia isiyotiwa dawa ya kung'arisha. Shashi hupasuka ikilowa. Karatasi ya daftari hupitisha maji kwa shida. Na yoyote iliyochapishwa maandishi haifai kutiwa kinywani. Karatasi ya vifuko vya viwandani mara nyingi huwa na nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya migomba, na aina inayozibwa kwa joto huchanganywa nyuzi za plastiki. Karatasi ya kahawa haina plastiki hiyo, kwa hiyo pasi haitaifunga hata uikandamize mchana kutwa. Gundi ya unga wa ngano nayo huyeyuka ndani ya kikombe. Kinachobaki ni mkunjo, na mkunjo unatosha kabisa: mwaka 1949 Mjerumani Adolf Rambold alibuni mashine ya kukunja kifuko cha vyumba viwili kisichohitaji gundi. Umbo hilo linawezekana kwa mkono.

Chukua karatasi ya duara ya kahawa, inyooshe. Ikifika upana wa sentimita 20 utapata kipande kimoja cha sentimita 10 kwa 17, kwa kubana. Kutanisha kingo mbili ndefu, zikunje pamoja mara mbili, kila mkunjo milimita 5, na uulaze kwa mgongo wa kijiko. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakunja mara moja tu. Mkunjo mmoja hufunguka maji yakiuingia, wa pili ndio unaoufunga wa kwanza. Sasa una bomba lenye upana wa sentimita 4. Liweke mshono uwe katikati ya upande mmoja, kisha likunje nusu kwa nusu, mshono ukabaki ndani. Pale panapokunjika, sukuma katikati iingie juu sentimita moja, chini kuwe na umbo la W. Mimina gramu moja kila mguu. Kutanisha midomo miwili, kunja pembe zake kwa ndani kama paa la nyumba, kisha kunja ncha ya paa kuelekea chini. Pitisha sindano yenye uzi wa pamba mweupe, piga fundo, acha uzi wa sentimita 15. Pini ya stepla hufunga upesi zaidi, lakini kwa hewa yetu ya chumvi huku Pwani hushika kutu mkebeni. Uzi ni bora.

Ukikishika dhidi ya mwanga utaona majani yamelala chini, robo ya chumba tu, na juu patupu. Usishawishike kuongeza. Chembe ya CTC ikilowa huvimba, na ikikosa pa kuvimbia hujifunga bonge: nje limelowa, katikati limebaki kavu. Ukipata chai hafifu kutoka kwenye kifuko kilichojaa, kipasue baada ya dakika nne utaliona bonge hilo mwenyewe.

Kwa BP1, au chai ya jani zima isiyopitia CTC, tumia kitambaa. Kifuko cha kitambaa kina asili ndefu: Roberta Lawson na Mary McLaren wa Milwaukee, Marekani, waliomba hataza ya kishika majani cha wavu wa pamba mwaka 1901, wakaipata 1903. Kwenye maduka ya vitambaa ya Biashara Street, Mombasa, ulizia melimeli nyeupe ya pamba tupu. Bafta ni nzito, maji hupita kwa shida. Nailoni usinunue, hata kama inaonekana kama wavu wa kiwandani. Ya kushonea nguo haikutengenezewa maji ya moto ya kunywa.

Kitambaa kipya kina wanga, na wanga una ladha. Kichemshe dakika kumi bila sabuni, mwaga maji, rudia mpaka maji yatoke safi, kianike, kisha ndipo ukate. Ukikata kabla, kitarudi na vipimo vyako vitapotea. Kipande ni sentimita 9 kwa 18. Kikunje kiwe mraba, shona mbavu mbili sentimita moja kutoka ukingoni kwa mishono midogo ya kurudi nyuma, kigeuze nyuzi zibaki ndani. Tia gramu 2, kunja mdomo sentimita moja, pitisha uzi kuuzunguka, kaza. Chai ya jani zima ipe nafasi zaidi, kifuko cha 8 kwa 10, maana hufunguka mara kadhaa ya ukubwa wake.

Pwani chai bila viungo haijakamilika, na hapa ndipo penye makosa mengi. Usitumie viungo vya unga. Unga huziba vitundu vya karatasi, na mdalasini uliosagwa hugeuka ute ukilowa. Nunua vizima pale Marikiti, sokoni Mombasa, uviponde kwenye kinu mpaka vilingane na chembe za majani, kisha uchekeche unga utoke. Kwa vifuko 50: majani gramu 100, tangawizi kavu gramu 8, punje za iliki gramu 5, mdalasini gramu 3, karafuu gramu 1. Jumla ni gramu 117, kwa hiyo kila kifuko kipate 2.3 hivi. Karafuu usiizidishe, hufunika vyote. Tangawizi mbichi haiingii hata kidogo, unyevu wake utaleta kuvu ndani ya siku chache. Mchaichai ukaushwe kivulini mpaka uvunjike, ukatwe kwa mkasi vipande vya milimita 5. Na koroga bakuli kila baada ya vifuko kumi: vilivyo vidogo na vizito huzama, ukiacha hivyo vifuko vya kwanza vitakuwa majani matupu na vya mwisho karafuu tupu.

Chagua siku ya kufanya kazi. Majani makavu hunywa unyevu wa hewa haraka, na siku za masika yanaweza kulegea yakiwa bado bakulini. Anza saa nne asubuhi jua likishatulia, mbali na sufuria inayochemka. Zima pangaboi, la sivyo PF1 yako itatapakaa sakafuni. Jaribu kwa vidole: chembe kavu hupasuka, iliyolowa hunyumbuka. Ikinuka kuvu, tupa yote, kuanika hakutaitengeneza.

Hifadhi kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana, mbali na sabuni, samaki mkavu na kitunguu, kwa kuwa chai hufyonza harufu ya jirani. Vya majani matupu vitumie ndani ya miezi mitatu, vya viungo ndani ya mwezi mmoja na nusu.

Wakati wa kunywa, mimina maji yanayotokota juu ya kifuko, dakika nne, usikikamue. Kukamua husukuma vumbi na uchungu nje. Kikielea kina hewa, kizamishe kwa kijiko. Chai ikiwa na utando juu na rangi ya matope, tazama maji kwanza: maji ya kisima yenye chumvi huua chai, na kifuko hakina kosa. Chai ya mkandaa, yaani isiyo na maziwa, ndiyo inayofichua maji mabaya upesi zaidi.

Kwa chai ya maziwa usikitumbukize kifuko moja kwa moja kwenye maziwa. Protini za maziwa hushikana na tanini za chai, rangi ikatoka hafifu. Ukipikia watu asubuhi ya mahamri na mbaazi, shona kifuko kimoja kikubwa cha melimeli, sentimita 10 kwa 14, utie gramu 10 kwa lita moja ya chai. Kichemshe kwenye nusu lita ya maji dakika tano, ndipo umimine nusu lita ya maziwa na uache itokote mara moja tena. Karatasi kwa kazi hiyo hupasuka. Kitambaa kimwage majani, kisuuzwe bila sabuni, kianikwe juani siku hiyo hiyo. Kikilala kimelowa usiku mmoja kitaota madoa meusi, na hapo ukate kipya.