Saluni wakati wa maradhi ya mlipuko: anza na dirisha

Maradhi ya njia ya hewa yakiingia visiwani, kama korona ilivyoingia Machi 2020, saluni nyingi hukimbilia Jiki na ndoo ya koki mlangoni. Si vibaya. Lakini korona husafiri zaidi kwa pumzi: chembe ndogo zinazomtoka mtu akisema, akicheka au akikohoa, kisha zikaelea chumbani kama moshi wa sigara. Na saluni ya kike ya Unguja au Pemba huwa imefungwa gubi gubi. Mlango una pazia zito, vioo vimebandikwa karatasi wapita njia wasione ndani, kiyoyozi kinanguruma, na watu wanane wamo humo saa tano nzima wakisukwa na kupiga soga. Kwa hiyo kazi ianze na hewa.

Hewa ipite, sitara ibaki

Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinaipoza ileile iliyomo na kuirudisha. Pangaboi nalo linakoroga tu. Mnachotaka ni hewa iingie upande mmoja itokee mwingine. Fungueni sehemu ya juu ya dirisha, ile inayopita kichwa cha mtu aliyesimama, na chini paendelee kuwa na pazia. Mlangoni ondoeni pazia zito, mweke kiambaza chepesi cha mbao hatua moja ndani: macho yanazuiwa, upepo unapita ubavuni.

Feni ya kusimama iwekwe dirishani ikitazama nje. Wengi hawataki kusikia hili, maana feni wameizoea ya kumpoza mtu. Ikitazama nje inasukuma hewa iliyotumika itoke, na mpya inaingia mlangoni. Ikitazama ndani, mteja aliye mbele anapulizwa pumzi za aliye nyuma yake.

Kupima ni rahisi. Washa udi wa kijiti katikati ya chumba, feni ikiwa inazunguka. Moshi ukielekea dirishani na kupotea, mambo sawa. Ukipanda ukatanda darini, hewa haitoki, hamisha feni ujaribu tena. Kipimo hiki kirudiwe upepo unapogeuka, kwani feni iliyosaidiana na kaskazi mwezi wa Januari huenda ikashindana na kusi mwezi wa Julai. Chumba cha Mji Mkongwe kisicho na dirisha la nyuma hakina njia ya pili ya hewa. Hapo punguzeni watu kweli kweli, na kama nyumba ina ua, kusuka kuhamie uani.

Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, wateja wawili na wafanyakazi wawili wanatosha. Viti vyao viachane mita 2. Pungufu ya mita 1 isiwe kabisa. Wasindikizaji wasubiri nje. Bibi harusi huja na mama, somo, mashangazi na wifi, na kumwambia shangazi mtu abaki barazani si jambo dogo. Mwambieni mapema, siku ya kuchukua miadi kwa simu, si akiwa keshavua buibui. Wiki ya kuelekea Idi pangeni zamu kwa saa, na acheni dakika 15 baina ya mteja na mteja ili chumba kipumue.

Barakoa, na sinia la mchana

Mei 2020, mjini Springfield, jimbo la Missouri, Marekani, watengeneza nywele wawili waliokuwa na dalili za korona waliwahudumia wateja 139. Wao na wateja walivaa barakoa. Wateja 67 walikubali kupimwa na hakukutwa hata mmoja mwenye virusi. Hata hivyo, wafanyakazi hao wawili walikuwa wakikaa pamoja bila barakoa baina ya mteja na mteja.

Kwetu pahala pa kukaa pamoja bila barakoa ni chumba cha nyuma, saa saba mchana, watu watano wamezunguka sinia moja la wali. Barakoa zimevuliwa, vichwa vimekaribiana, chumba hakina dirisha. Mwenye saluni anayeifuta meza mara kumi kwa siku halafu akaliacha sinia lile, anahangaika bure. Kula kuwe kwa zamu, wawili wawili, nje au karibu na mlango ulio wazi, kila mmoja na sahani yake. Chai ya saa nne nayo ni vivyo hivyo.

Tusiuvute mfano wa Missouri kupita kiasi: wateja wale walikaa dakika 15 hadi 45. Rasta ndogo zinakula saa nne hadi sita, na muda ndio unaoongeza hatari. Ikiwezekana, wasusi wawili washike kichwa kimoja ili mteja atoke mapema, mmoja kila upande, wote nyuma ya mteja. Au shaurini msuko wa mistari mikubwa mpaka maradhi yapoe.

Barakoa ya kitambaa iwe ya tabaka tatu, izibe pua na kidevu. Ikilowa jasho haifai tena, na kwa joto letu mfanyakazi atahitaji tatu au nne kwa siku. Nikabu haichukui nafasi ya barakoa, maana ni tabaka jepesi lililo wazi chini. Mteja avae barakoa ndani yake, ili akiivua nikabu apate kusukwa, pua na mdomo vibaki vimezibwa. Kwa kinyozi, kamba za masikioni ni kero. Zifunguliwe, barakoa ishikizwe mashavuni kwa plasta, au mteja aishike kwa mkono wakati wa kuzunguka sikio.

Huduma za usoni zinahitaji hadhari zaidi. Ndevu na singo mteja hawezi kuzipata akiwa na barakoa, basi ziwe za mwisho, karibu na dirisha, bila mazungumzo, na anayehudumia avae barakoa pamoja na ngao ya plastiki ya uso. Siku ambazo wagonjwa ni wengi mtaani, ziacheni. Anayepaka hina akae ubavuni mwa mteja, si uso kwa uso, mkono wa mteja ukiwa juu ya mto mezani. Driya nayo inatawanya pumzi: kausheni kwanza kwa taulo, tumieni mwendo mdogo, na mdomo wake uelekee chini, mbali na uso wa mtu mwingine.

Mikono na vifaa

Maji na sabuni sekunde 40 hadi 60, kabla ya mteja na baada yake. Kitakasa mikono cha spiriti hakifanyi kazi vizuri juu ya mkono wenye mafuta ya nywele, na mkono wa msusi una mafuta kutwa. Sabuni kwanza, kitakasa ni cha pale maji yalipokatika.

Vitana, vibanio na beseni vioshwe kwa sabuni kabla ya kutiwa dawa, kwani nywele na mafuta huimaliza klorini ya Jiki kabla haijaua kitu. Kisha changanyeni Jiki. Someni chupa: ikiandikwa asilimia 3.5, tieni mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, katika lita 1 ya maji; ikiwa asilimia 5, mililita 20 zinatosha. Vifaa vilowe dakika 10, visuuzwe, vikauke. Pakimwagika damu, kwa Jiki ya asilimia 3.5 pimeni kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Mchanganyiko ni wa siku moja, ukae kivulini na kifuniko, kwa sababu joto na jua huudhoofisha. Wa jana umwageni.

Mashine ya kunyolea msiitie Jiki, meno yake yataota kutu. Ichomoeni umeme, sugueni nywele kwa brashi, futeni kwa spiriti ya asilimia 70, mwache ikauke kabla ya kutia mafuta. Wembe ni mmoja kwa mtu mmoja, kisha kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Taulo na shuka la kinyozi pia ni moja kwa kila mteja, lifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, lianikwe juani. Taulo haba? Wateja waje na khanga zao.

Makosa mawili ni ya hatari kubwa. La kwanza: kumimina Jiki katika bakuli lililobaki rangi ya nywele. Rangi nyingi zina amonia, na zikikutana hutoa gesi inayochoma macho na mapafu. Siki na dawa za kusafishia choo zenye asidi ni vilevile. La pili: spiriti karibu na chetezo, au mbele ya anayechoma ncha za rasta kwa kiberiti. Mikono ikauke kabisa kwanza. Na kufukiza nywele za bibi harusi kwa udi kufanywe uani. Chumba kilichofungwa ili moshi ukae, pumzi nazo zimekaa. Wala msimpulizie mtu dawa ya klorini mwilini. Inaunguza na kuamsha pumu.

Mgonjwa abaki nyumbani

Kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso kinadanganya. Aliyetoka juani atasoma homa asiyokuwa nayo, na mwenye virusi bila homa atapita. Mpumzisheni mteja kivulini dakika 10 ndipo mpime, na mumuulize: kikohozi, koo, mafua, kupotewa na harufu, mgonjwa nyumbani? “Samahani mama, leo tukupangie siku nyengine” inatosha, na miadi yake isipotee.

Kwa mfanyakazi maneno hayatoshi. Msusi anayelipwa kwa kichwa akikaa nyumbani hana cha kupika, basi atameza panadoli aje. Kila siku tengeni kiasi kidogo cha mapato, au wafanyakazi wachange kama upatu, fedha hiyo imlipe anayeumwa angalau nauli na chakula cha siku zake za kukaa ndani.

Wekeni daftari, ili mtu akigundulika anaumwa, waliokuwa naye wapigiwe simu: jina, simu, saa ya kuingia na kutoka, nani alimhudumia. Likae mtotoni mwa meza, si juu ya kaunta ambako kila anayeingia anasoma namba za wenziwe. Baada ya wiki tatu, kurasa zilizopita zichomwe.