Kumpima mama presha akiwa kijijini na wewe uko mjini

Mashine za presha zenye blutuu zimejaa siku hizi, mama anapima kijijini, namba zinaingia kwenye simu ya mdogo wako na wewe uliye Dar au Nairobi unaziona hapohapo. Safi, ila blutuu haijui kama mkono umekaa vibaya, inabeba chochote ilichopewa.

Nunua ya kufunga juu ya kiwiko, za kuvaa kama saa achana nazo. Tovuti ya STRIDE BP ina orodha ya modeli zilizohakikiwa, iangalie kabla hujatoa hela. Pia mwambie mtu apime unene wa mkono wa mama kwa futi ya fundi cherehani, alinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba na utaishia kumpa mama presha ambayo hana.

Kuunganisha sio kazi. Weka programu ya kampuni hiyohiyo kwenye simu ya anayekaa naye, rekebisha tarehe na saa, unganisha kupitia programu. Android za zamani zitadai lokesheni ili zione mashine, kubali tu, ila ikidai na kontakti zako kataa. Na majirani watakuja kujipima hata usipowaita, kwa hiyo kama mashine ina mtumiaji wa pili wawekeni huko, la sivyo presha ya baba jirani inaingia kwenye rekodi ya mama.

Sasa kupima kwenyewe. Nusu saa kabla asinywe kahawa wala kuvuta sigara, aende msalani, akae dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kukunja nne, mkono wazi bila nguo umelala mezani usawa wa moyo. Na asiongee, hapo ndo kazi ipo kwa mama zetu. Apime mara mbili akipumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni tena, siku 7. Siku ya kwanza itupe, zilizobaki tafuta wastani. Ukifika 135/85 au zaidi, hiyo ni ya kupeleka kwa daktari, na dawa zisiongezwe wala kukatishwa kwa kuangalia simu.

Muulize daktari kwanza kama anapokea wasap, kisha mtumie wastani na orodha moja, sio skrinshoti kila asubuhi. Kwenye grupu la familia usiweke kabisa, shangazi ataleta kitunguu saumu.

Ikisoma zaidi ya 180/120, atulie arudie baada ya dakika chache. Kama haishuki, pigieni daktari siku hiyohiyo. Kama kuna maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, macho kutoona vizuri, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, hakuna cha kurudia, tafuteni gari aende hospitali.